Mayai ya Chatu Jikoni kwa Mama Mkwe

Nilipoolewa karibu na Sindo, miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru, kitu nilichokitaka kuliko redio na kitanda cha chuma kilikuwa mafiga yangu mwenyewe. Kwa desturi yetu Wajaluo, mke mgeni hupika katika jiko la mama mkwe mpaka siku ile mama mwenyewe atakapompangia mafiga matatu ya kwake. Mama mkwe wangu hakuwa na haraka. Chumvi aliitia kwenye kibuyu, kibuyu akakificha mahali alipopajua yeye, na kila jioni ilinibidi nimwombe. Alinimiminia kiganjani kidogo sana, kama dawa ya macho, akisema, "Nyar Migori, kwenu mnakula chumvi kama ng'ombe." Hilo ndilo lililokuwa jina langu pale, binti wa Migori. Nilikasirika mpaka ugali ukaungua.

Kwetu Migori nyoka alikuwa nyoka tu. Ukimwona, unachukua jembe. Lakini mama mkwe, ambaye hakukosa kanisani hata Jumapili moja, alikuwa na chatu wake kwenye kichuguu nyuma ya zizi, na chatu huyo alihesabiwa mgeni wa heshima, mwenye kuleta mvua na mavuno. Alipojitokeza, mama alimpelekea kuku mweupe, akamsalimu na kumweleza habari za boma. Habari zangu pia alipewa, sina shaka.

Kiangazi kimoja jirani alichoma nyasi ili ng'ombe wapate majani mapya, moto ukamponyoka ukafika kwenye kichuguu. Chatu akakimbilia upande wa ziwa. Mama mkwe alipokwenda kumpa pole, alikuta mayai tu, makubwa kuliko ya bata, yameshikamana fungu moja. Chatu huyaatamia mayai yake kwa kujiviringisha juu yake, na sasa hakuwepo wa kujiviringisha. Mama akayaleta nyumbani ndani ya kikapu, akaniita.

"Wewe si ulisoma mambo ya kuku shuleni kwenu?"

"Kuku, Mama. Haya si ya kuku."

"Yai ni yai. Haya yakiharibika, mvua itakwenda kunyesha kwa watu wengine, na watu watauliza nani alikuwa hapa na elimu yake. Yakitoka salama, nitakuwekea mafiga."

Kwa mafiga ningeatamia hata mayai ya mamba.

Mume wangu alifanya kazi dukani Homa Bay na kurudi Jumamosi. Nilimtumia ujumbe alete sanduku tupu la majani ya chai, akaleta, akidhani tunataka vifaranga. Chini nilikata mlango mdogo wa kuingizia taa ya chemli. Juu ya taa nikaweka sufuria ya maji ili hewa isikauke, juu ya sufuria nikatandaza waya, na juu ya waya karai la mchanga wenye unyevu. Ubavuni nilitoboa matundu na kuyaziba kwa magunzi ya mahindi. Joto likizidi, nachomoa gunzi. Likipungua, narudisha. Kipimajoto sikuwa nacho, kwa hiyo niliweka yai la kuku la majaribio, kisha nikaligusisha kwenye kope langu, kama tulivyofundishwa. La kwanza lilitoka limechemka. Nililila bila chumvi, maana mama alikuwa amekwenda Mbita.

Sanduku lilipokaa sawa, nililaza mayai ya chatu mchangani, tukaliweka jikoni kwake, penye ukuta wa joto. Mama hakulisogelea bila kupiga hodi. Alikataza ugomvi karibu nalo, wageni wasije wakaichukia nyumba, kwa hiyo kila alipotaka kunigombeza alinitoa nje kwanza. Mume wangu aliporudi na kufunua kifuniko aone vifaranga wake, alikiweka tena polepole, akasema atalala kwa rafiki yake. Alilala huko Jumamosi zote.

Mwalimu wa kuku alikuwa ametuambia mayai yageuzwe asubuhi na jioni. Nilijaribu kuligeuza fungu zima kama ugali mkubwa, mikono ikakataa, nikaacha. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba yai la nyoka ukiligeuza, kilichomo hufa. Uvivu wangu ndio uliowaokoa, na nimeukumbuka kwa heshima tangu hapo.

Halafu mayai yakaanza kubonyea. Moja baada ya jingine, yakaingia ndani kama mashavu ya mzee asiye na meno. Mama aliyatazama, akanitoa nje.

"Umeyakausha," alisema. "Mafiga basi."

Nikalia. Sikulilia chatu, nilililia yale mawe matatu, na nilimchukia mama mkwe, kuku na mwalimu wa kuku kwa pamoja. Lakini sikuzima taa. Niliongeza maji kwenye sufuria na kukaa kando ya sanduku kwa ukaidi tu. Asubuhi moja yai likachanika mstari mwembamba, na kipua kidogo kikachungulia, kikanitazama, kikarudi ndani. Hata mimi ningerudi.

Walitoka wengi. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani yule mchomaji akaja kuona, na alipoona hakukaa. Nilikuwa nimesahau jambo moja tu. Vifaranga wa kuku hawapiti kwenye tundu la gunzi. Tulipomaliza kushangilia sanduku lilikuwa tupu, na wageni walikuwa kwenye paa, nyuma ya mitungi, na zaidi ya yote ndani ya rundo la kuni.

Nikauliza tutapika nini jioni.

"Hapa hatuwashi moto," mama alisema. "Unawezaje kuchoma kuni na wageni wamelala humo?"

Akatoka nje. Jua lilipokaribia kuzama alikuwa nyuma ya nyumba yetu, amechuchumaa, anapanga mawe matatu na kuyatikisa kuona kama yameshika. Niliwasha moto mwenyewe kwa magunzi, nikapika ngege, samaki wa ziwani, na ugali, na ugali haukuungua. Mama mkwe alikuja na kigoda chake, akakaa kando ya mafiga yangu, akaonja mchuzi. Akatazama huku na huku.

"Nyar Migori," akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia, "chumvi yako inakaa wapi?"

"Kaa tu, Mama," nikamwambia. "Nitakuletea."