Majibu Safi ya Mzee Evodius

Klementina wa Lumemo ana kazi ambayo wenzake hawaitamani. Hupita nyumba kwa nyumba akikusanya vikopo vya choo, ili watafiti wapime kama dawa yao mpya inaua kweli minyoo ya safura. Watani humwita Mama Vikopo, naye hucheka nao. Ila kazi yenyewe haifanyi kwa mzaha. Safura ilimmaliza dada yake akiwa mjamzito, damu imemwisha mwilini, na tangu hapo Klementina aliitaka dawa hiyo kuliko mshahara wake.

Kwa hiyo watu waliokwisha kunywa dawa walipoanza kupimwa na kukutwa safi, alimshukuru Mungu kwa sauti. Aliyemfurahisha zaidi ni Mzee Evodius, maana huyo alikuwa hoi.

Siku chache baadaye akamkuta mzee ameketi kwenye tuta la jaruba lake la mpunga, jembe pembeni, anahema. Viganja vyake vilikuwa vyeupe pee, kama vya mtu aliyeishiwa damu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, choo kile ulichonipa kilikuwa chako?"

Mzee akautazama mpunga. "Cha mke wangu. Yeye mlimpima mwanzoni mkamkuta hana minyoo."

"Kwa nini, baba?"

"Mmetuhangaikia mno. Umekuja kwangu mvua na jua. Ningekurudishiaje minyoo ile ile? Niliona haya. Nilitaka dawa yenu ishinde."

Klementina alipandwa na hasira, kisha ikamwisha, akabaki na huzuni tupu. Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walisema, lakini huyu alificha kwa heshima, na heshima utaigombezaje? Akamweleza kwamba dawa ikisifiwa kwa uongo itapewa akina mama na watoto, nao watabaki na safura yao huku wakiambiwa wamepona.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akakubali kupimwa upya na kutibiwa kwa dawa ya zamani. Kisha akauliza taratibu:

"Na hao wengine waliokutwa safi, umewauliza?"

Hakuwa amemuuliza hata mmoja.

Kesho yake alianzia kwa Bernadeta, jirani aliyempenda kama ndugu, ambaye naye alikuwa amekutwa safi. Akamsalimia, akamuuliza bila kuzunguka. Bernadeta hakumtazama usoni.

"Karibu chai kwanza, dada," alisema.