Posho ya Wayahudi, Yenga Yetu

Ijumaa nilikuwa nangoja muhuri kwenye ofisi moja hapa Bukavu, chef, mkubwa wa ofisi, akamwambia sekretari wake, maman wa mtaa wa Cimpunda: "Yenga utakuya kumaliza rapport."

Yenga ni Jumapili. Maman hakuinua macho. "Yenga iko ya kupumzika, chef."

Chef akavua miwani, kama mwalimu. "Kupumzika siku moja mu juma ilitoka kwa Bayahudi. Bazungu balikopa kwabo, sisi tukakopa kwa Bazungu. Na Bayahudi banapumzika posho, Jumamosi. Hapana yenga."

Maman akafunga droo polepole. "Aksanti, chef. Basi posho nitapumzika na Bayahudi, yenga na Bakristu."

Chef alimtazama, kisha akacheka, akainua mikono yote miwili. "Amina."

Niliteremka ngazi nikiwashukuru watu ambao sijawahi kukutana nao. Amri yao ya kale haikumpumzisha bwana peke yake, ilimtaja hata mtumishi na punda. Ikafika Ulaya, ikafika mpaka kwa maman wa Cimpunda. Chef alisema kweli, tumekopa. Hata ile amina yake ni ya kwao.