Rimu Iliyokataa Kung'aa

Juzi, kwa fundi mmoja hapa Nyeri, niliona rimu ya pikipiki kuukuu ikisuguliwa kutu, nikamkumbuka baba wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, amechuchumaa ndani ya kijiji chetu kilichozungushiwa handaki. Askari wa doria alikuwa amemletea gurudumu la pikipiki yake, lisafishwe kabla hajatoka kuwakamata wanawake waliochelewa shambani kupita saa ya kurudi kijijini. Mama alikuwa hajarudi.

Baba alisugua kwa majivu na limau, harufu ikanijaa puani, mpaka nikauona uso wangu kwenye rimu. Kisha akaipaka majivu tena.

"Baba, si imeng'aa?" nilisema kwa sauti.

Askari aligeuka. Baba akacheka kidogo. "Mtoto hajui kutu, afande. Hii iko ndani."

Niliona aibu kwamba baba yangu, fundi mzima, hajui kazi ikiisha. Aliendelea kusugua mpaka mama akaingia langoni, ameinama chini ya kiondo cha viazi.

"Sasa imeng'aa, afande," baba akasema.

Jioni mama alimwekea baba kiazi kikubwa kuliko vyote. Nilinuna, nikijiuliza ni cha kazi gani. Leo ningempa na changu.