Senti Kumi ya Shimo Kutoka Entarara

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilianza na mkokoteni wa kubeba maji Athi River, darasa la nne nikiwa nimeliacha katikati, na leo niko na duka la mabati na simiti Kitengela, lori mbili na pikapu. Nimeona ukame na mafuriko, nimeona mawakili wakiniomba misumari kwa deni. Kwa hivyo safari ya Entarara, miaka ya tisini ikiisha, niliianza kama mtu anayejua kila kitu.

Sababu ya safari ilikuwa soja wangu, mlinzi wa duka usiku, Lemayian. Wezi waliingia uani, akawazuia, wakamkata tumbo. Hakuna bati hata moja lililotoka. Nilimbeba mwenyewe kwa pikapu hadi hospitali Kajiado, na daktari akaniambia, "Mzee, kama ako na mama, mlete. Usingoje." Kwao Entarara, kule upande wa Loitokitok, simu zilikuwa hazijafika. Ilibidi mtu aende, na mtu ni mimi.

Kulikuwa pia na jambo la sarafu. Mimi hukusanya pesa za zamani, si za kuuza, ni za kufurahi nazo tu. Jumapili nikitoka kanisani namwaga mkebe mezani, nazipanga mfalme kwa mfalme. Sizisugui, ukiisugua sarafu umeichuna ngozi. Jamaa mmoja wa Nairobi anayenunua vitu vya kale alizitazama akasema hazina bei. Nikamwambia, na nani amekuuliza bei? Zile za shimo katikati nilikuwa nazo zote isipokuwa moja: senti kumi ya mwaka wa thelathini na sita, ya yule mfalme aliyeacha kiti kabla ya kuvishwa taji.

"Mama yangu iko na hiyo," Lemayian aliwahi kuniambia tukinywa chai getini. "Imefungwa kwa sikio, pamoja na zile hereni za shaba."

"Sema bei."

Akacheka. "Hiyo utangoja sana, mzee. Na mimi naomba ungoje." Nikadhani anapandisha bei.

Kajiado, asubuhi ya kuondoka, nilimkuta macho yakiwa wazi lakini midomo imekuwa rangi ya majivu. "Usimwambie mama ni tumbo," akasema. "Sema ni mguu. Na uanze na salamu, mzee. Wewe hukimbilia maneno."

Nilishika njia ya Mashuuru. Mvua ilikuwa imekataa msimu wa pili. Ng'ombe walikuwa wamelala kando ya barabara, ngozi zimekauka juu ya mbavu, na hata fisi walikuwa wameshiba wakawaacha. Nikatokea barabara ya Mombasa, nikakunja Emali, nikala vumbi mpaka Kimana. Mtu mwingine angepumzika. Mimi sikupumzika.

Entarara nilifika jua likiwa limeegemea mlima. Mama mmoja Mkamba mwenzangu, Mwende, anayelima nyanya kwa mfereji, alinipeleka hadi nyumbani kwa mama Lemayian, tukaingia pamoja.

"Yeyo, takwenya," nikamsalimu mama kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia salamu. Nikampa sukari na majani ya chai. Akachemsha chai, na alipoinama kunimiminia, nikaiona. Ilikuwa inaning'inia chini ya shaba zilizosokotwa, uzi wa ngozi umepitishwa kwenye shimo lake.

Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri: salamu, sukari, kisha mguu. Lakini nikaona si vizuri kumpiga mama na habari ya hospitali kabla chai haijapoa. Nikaona nipitie mlango mdogo.

"Yeyo, hiyo senti ya sikio, hebu itoe niione. Lemayian ndiye aliniambia habari yake."

Akaweka kikombe chini. "Nani alikutuma?"

"Natoka kwa Lemayian."

"Lemayian anasema nitoe?"

"Ni kuiona tu, mama."

Mwende alikuwa ameshika mdomo. "Kaka, umesema nini? Hizo mama huvalishwa mtoto wake wa kwanza akitahiriwa. Hazitoki sikioni mpaka huyo mtoto afe. Hakuna mtu huja kuambia mama azitoe."

"Hajafa," nikasema. "Ako hospitali. Ni mguu. Ni tumbo, lakini daktari yuko."

Mama alinitazama bila hasira. "Sikio, mguu, tumbo," akasema. "Wewe uko na maneno mengi." Na mikono yake ilikuwa tayari inazifungua zile shaba.

Tuliondoka alfajiri. Alikaa kando yangu, masikio marefu yakining'inia matupu, zile shaba amezifunga kwa leso mapajani. Mimi nilimweleza habari ya lori zangu zote mbili, injini na mataili, kwa sababu nikinyamaza nilikuwa naona yale masikio.

Kajiado, jua la saa sita. Lemayian aligeuza kichwa akatabasamu. Akautazama uso wa mama yake. Akatazama sikio moja, akatazama la pili. Halafu akanitazama mimi.

"Mzee," akasema, "ulianza na salamu?"

"Nilianza."

Akageukia ukuta. Alikufa jioni, wauguzi wakibadilishana zamu. Daktari alisema ni damu iliyopotea. Mama hakusema ni nini.

Nilirudi Entarara tena, mara hii na lori, nikiwa nimebeba sanduku. Kaburini mama alifungua leso, akakata ule uzi wa ngozi, akanipa senti yangu mkononi. "Uliitaka," akasema. "Sasa imetoka."

Niliitazama. Mwaka wake ulisomeka vizuri, taji halijalika, ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Nikaitupa shimoni pamoja na konzi yangu ya udongo.

Nilichojifunza ni kifupi. Kitu kikiwa kwenye mwili wa mtu, uliza kwanza kinashikilia nini kabla hujaomba kukiona. Mkebe wangu bado ninao, na ile nafasi moja iko wazi, sitaijaza.

Hospitali, sanduku, petroli ya safari mbili na ng'ombe wa matanga nililipa mimi, sikuchangiwa na mtu. Yote pamoja ni shilingi elfu arobaini na moja, mia sita na hamsini, na senti kumi.