Operesheni ya Mama Euphrasie

Katika daftari la wagonjwa la akina mama wa kanisa letu huku ughaibuni, Ilford, mwaka jana niliandika: "Mama Euphrasie, operesheni ndogo ya tumbo, Jumatano." Ndivyo alivyoniambia.

Hapakuwa na operesheni. Euphrasie ni mzaliwa wa Bukavu, ana miaka hamsini na miwili, na kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Tangu mumewe Lambert afariki, miaka kumi na mmoja iliyopita, huzuni haikumtoka. Alijaribu vidonge vya aina tatu bila nafuu. Daktari akamweleza juu ya utafiti katika hospitali moja katikati ya jiji: mgonjwa hupewa dawa itokanayo na uyoga, kisha hujilaza kwa muda wa saa sita, wauguzi wawili wakiwa kando, huku akiona na kukumbuka mambo. Sharti ni kwamba mtu mzima asaini fomu, amrudishe nyumbani na kubaki naye usiku huo. Bila mtu huyo, dawa haitolewi.

Mwanawe Cédric hakupata ruhusa kazini. Alibaki Mama Noëlla, kiongozi wa kwaya. Lakini Noëlla, aliposikia habari za dawa hiyo redioni, alikuwa ametuambia, "Wazungu sasa wanalewa uyoga, eti matibabu!" Tulicheka, na Euphrasie alicheka nasi. Ndiyo maana akasema operesheni.

Hakuwaza kwamba fomu ingesomwa. Jumatano asubuhi tulifika hospitalini watatu, Noëlla, Mama Bijou na mimi, tukiwa na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, kama tunavyomfanyia kila mgonjwa. Serah, muuguzi Mkenya, akampa Noëlla fomu. Aliisoma mara mbili.

"Dada, hapa wameandika huzuni na uyoga. Operesheni iko wapi?"

"Ngoja nimwite mwenyewe," Serah alisema.

Euphrasie alitoka na soksi tu miguuni. "Hakuna operesheni, Noëlla. Ni ile dawa uliyoicheka."

"Ulevi!"

"Usiposaini, narudi nyumbani sasa hivi. Nafasi nyingine sitapewa."

Noëlla akamgeukia Serah. "Na wewe, mtoto wa watu, unafanya kazi hii?"

"Mwanzoni niliikataa, mama. Mama yangu kule Nakuru bado anadhani nauza bangi. Wengine wanapata nafuu, wengine hapana. Siwezi kukuahidi."

Noëlla alimtazama Euphrasie. "Miaka yote hii unaimba mbele yetu, meno nje, kumbe uko hivi?"

"Ndiyo."

"Leteni kalamu. Uyoga siukubali. Nasaini kukurudisha nyumbani tu." Akatugeukia. "Ninyi nendeni. Sufuria iacheni."

Noëlla alikaa kwenye kiti hapo hapo mpaka jioni. Baadaye alinisimulia kwamba kwenye treni alimuuliza Euphrasie aliona nini.

"Nilimwona Lambert akinyoa ndevu. Nililia sana."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Basi Jumapili kanisani utasema mwenyewe. Mimi habari za tumbo sitasema."

Jumapili Euphrasie alisimama, akasema ukweli kwa sentensi tatu. Mzee mmoja wa kanisa alitikisa kichwa, akatoka nje. Baada ya ibada Euphrasie alikuja mezani kwangu. Niliweka rula kwenye daftari, nikakata maneno ya operesheni.

"Niandike nini?"

"Andika huzuni," alisema. "Usiandike kwamba nimepona. Bado sijui."