Oili Iliyochujwa kwa Kanga

Harufu ya oili iliyoungua ikinipata, hata nikiwa njiani na mambo yangu, hunirudisha uani kwetu Majengo, kwenye ile baridi ya asubuhi ya Sumbawanga inayouma masikio. Miaka ile ya ujamaa oili mpya ilikuwa haionekani madukani, na baba alikuwa na pikapu ya dizeli ya kubebea abiria na mahindi. Basi akabuni lake. Oili chafu aliimwaga kwenye debe, akaiacha itulie, kisha mimi na mama tukashika pembe za kanga kuukuu naye akaichuja, kama watu wachujavyo togwa ya ulezi. Akairudisha kwenye injini huku akijisifu, "Mnaona? Mpya kabisa!"

Baba mdogo Saidi, mdogo wake aliyekuwa dereva wa gari hilo, hakucheka. Kila alipowasha asubuhi, ndani ya injini palisikika chuma kikigonga chuma.

"Kaka, hiyo ni cheni ya injini, imelegea," alisema. "Oili ikishaungua imeungua, huko kuchuja hakusaidii. Tulipumzishe gari mpaka tupate mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Wewe na maneno yako! Gari linatembea, halitembei?"

Sisi watoto tuliupenda mlio ule. Tuliuigiza kwa vijiko na sufuria mpaka mama akatufukuza jikoni.

Asubuhi moja utingo wa basi la Namanyere akaleta habari kwamba bibi, mama yake mama aliyeishi huko, yu hoi na anamtaja binti yake. Tukaondoka palepale. Mama alikaa mbele akivuta tasbihi yake. Kwenye mlima mmoja, bado tuko mbali, mlio ukazidi, kitu kikakatika kwa kishindo, injini ikanyamaza. Baba mdogo akafunua boneti, akatazama, akafunika. Lori la kutuchukua lilipita jua limeshapinda.

Tulipofika, wanaume walikuwa wanarudi makaburini. Ndivyo ilivyo kwetu, maiti haicheleweshwi. "Tumekungoja, mdogo wangu, tumeshindwa," mama mkubwa alimwambia mama. Mama akaketi chini palepale uani.

"Mama Zuhura, nisamehe," baba alimwambia.

"Ni kazi ya Mungu," mama akajibu, na mimi nikadhani yameisha. Bibi angekufa tu, hata kama tungewahi; hivyo ndivyo nilivyowaza kitoto.

Oili ilipoanza kupatikana, baba alikuwa akiibadilisha hata kabla ya wakati wake. Wenzake walimtania kwamba analiogesha gari kwa oili, nami nilicheka nao.

Mama mwenyewe alipofariki, mimi nikiwa mtu mzima, niliwahi. Wanawake waliomwosha waliniita, wakafunua sanda, nikamwona uso. Nilimgusa shavu, nikamwomba radhi kwa yote. Yarabi! Hapo ndipo nilipojua mama alikosa nini kule Namanyere, na kwa nini baba, aliyekuwa amesimama nje ya mlango, alishindwa kunitazama nilipotoka.