Mashine inayoitwa Wairimu

Leo nimemkosea mama yangu na hadithi ya mashine.

Mnajua huwa naandika hadithi za miaka ijayo. Hii ni ya mashine yenye akili kushinda watu wote, inaendesha viwanda vyote vya Thika peke yake. Nikatoka Mwiki na msichana wangu mdogo, tukaenda kwa mama, kule Ngoingwa, nimsomee, kwa sababu mashine nimeipa jina lake.

Nilidhani atafurahi.

Alisikiza vizuri. Hata alicheka pale mashine inamfuta kazi meneja.

Halafu akauliza, "Umesema inaitwa nani?"

"Wairimu, mami. Kama wewe."

Akamwangalia msichana wangu akicheza mlangoni.

Sasa, kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba. Wangu anaitwa Skyla. Mimi na mke wangu tulitaka jina la kisasa.

Mama akaweka kikombe chini. "Kumbe jina langu ulikuwa unaliwekea mashine."

Wasee, hapo mngejibu nini?

Mimi nimerudi Mwiki nikaipa mashine jina lingine.

Sasa, ukimtoa mama, hakuna Wairimu hata mmoja.